Mwalimu mkuu amenipa fomu ya kumhamishia mwanangu kitengo cha elimu maalumu. Nisaini?

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Nina watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni wa kati, mvulana wa miaka 10, yuko Darasa la Tatu katika shule ya serikali hapa Morogoro. Hajui kusoma. Ukiondoa jina lake na maneno mawili matatu kama "mama" na "baba", hana anachokitambua kwenye karatasi.

Alipokuwa Darasa la Kwanza sikuwa na wasiwasi. Alikuwa akirudi nyumbani ananisomea kitabu chote huku akifuatisha kwa kidole, nami nafurahi. Dada yake ndiye aliyeshtuka, siku mtoto alipofunua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua, akaendelea kusoma maneno ya ukurasa aliouruka. Kumbe alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kusikia wenzake wakikiimba darasani.

Darasa la Pili kwenye upimaji wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) hakufanya vizuri, lakini alivuka. Mwaka huu amepata mwalimu mpya wa darasa, na huyo ndiye aliyeniita. Aliniambia mtoto ananakili nusu tu ya kilichoandikwa ubaoni, mara nyingine anaduwaa akiangalia dirishani, na akiambiwa asome anakaa kimya mpaka wenzake waanze kucheka. Darasa lao lina watoto zaidi ya 110 na yeye anakaa nyuma kwa sababu ni mrefu. Ameshachapwa mara kadhaa kwa kutosoma. Sasa Jumatatu ikifika tumbo linamuuma, na jirani yangu alimkuta amejificha nyuma ya vibanda vya soko saa za masomo, begi mgongoni.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu aliniita ofisini akanipa fomu. Anataka tumhamishie mtoto shule nyingine yenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Ni daladala mbili kutoka kwetu. Alisema ni vizuri tumalize mapema kwa sababu mwakani ni Darasa la Nne na kuna upimaji wa kitaifa.

Mshauri, mtoto huyuhuyu ndiye ananisaidia gengeni. Mteja akichukua vitu vya 3,400 akatoa noti ya 10,000, anarudisha 6,600 kabla mimi sijamaliza kufikiri. Anakumbuka kichwani nani ananidai na nani namdai, tangu mwezi uliopita. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Alipokuwa na miaka miwili aliugua malaria kali, akapata degedege, tukalazwa. Alichelewa kidogo kuongea. Sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu mdogo, na hata sasa msimu wa baridi hutoa. Nimezoea kumwita mara mbili.

Baba yake hataki kusikia habari ya kitengo. Anasema, "Mwanangu si mwendawazimu. Mimi niliishia Darasa la Tano na ninawalisha." Anataka akifika miaka 12 aende gereji kwa rafiki yake. Mama mkwe anasema ni mambo ya watu, tutafute mtu wa kumtazama. Wifi yangu wa Dar es Salaam anasema atachangia nusu ya ada tumpeleke bweni, shule ya Kiingereza, huko madarasa yana watoto wachache.

Nikisaini, nitakuwa nimembandika mwanangu jina ambalo halitabanduka? Nisiposaini, nitakuwa nimemnyima msaada? Na je, ni sawa nikisaini bila baba yake kujua?

Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina mambo mazito uliyoyataja kwa kupita tu, kana kwamba ni ya pembeni, na mimi nitayarudia hayo kuliko mengine. Kwa unavyoliona, suala ni kusaini au kutosaini. Shule inavuta huku, baba yake kule, wewe uko katikati na karatasi mkononi, na mtoto tumbo linamuuma kila Jumatatu. Ni haki yako kuchoka.

Ila fomu hiyo inahusu mtoto akasome wapi. Swali linalotangulia, la kitu gani hasa kinamzuia kusoma, sioni katika barua yako kama kuna aliyelijibu. Mwalimu wa darasa ameona kwamba hasomi, na ameona kweli. Mshukuru kwa hilo, maana kati ya watoto 110 amemtambua mmoja na akamwita mzazi. Lakini kutoka "hasomi" mpaka "ana ulemavu wa akili" kuna vipimo vya kupita, na wewe hukutaja hata kimoja.

Tuanze na sikio, kwa sababu ndilo linaloweza kushughulikiwa mapema kuliko vyote. Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili, au linalorudia kila mwaka, mara nyingi ngoma yake ina tundu. Mtoto wa namna hiyo si kiziwi. Ukimwita kwa sauti ya juu anaitika, ukimnong'oneza hapati. Anachokosa ni sauti nyepesi kama s, sh, f, th na p, na mwisho wa maneno. Mweke nyuma ya darasa la watoto 110 wanaoimba silabi, na tofauti ya "fa" na "tha" haitamfikia. Hawezi kuiunganisha herufi na sauti ambayo hajaisikia sawasawa. Kuchelewa kuongea nako kunaweza kuwa kulianzia hapo. Zaidi ya hayo, malaria kali yenye degedege nayo huweza kuacha athari kwenye usikivu au kwenye namna mtoto anavyojifunza, kwa hiyo habari hiyo daktari lazima aisikie.

Unaweza kumjaribu nyumbani. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, kama sentimita 60, ili asione midomo yako. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole na akisuguesugue. Toa pumzi, kisha nong'ona maneno matatu yasiyohusiana, mfano "sita, kofia, bata", naye ayarudie. Badilisha maneno, rudia sikio la pili. Akikosea mengi upande wa kushoto na kupata upande wa kulia, umepata jambo la kumwambia daktari. Hata akipata yote bado apelekwe, kwa sababu jaribio hili halitoshi kusema sikio ni zima.

Hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia huduma ya masikio, pua na koo. Kosa linalotokea mara nyingi ni mzazi kupewa dawa ya matone na kurudi nyumbani, usaha ukakauka, basi, usikivu haukupimwa. Omba vyote viwili, sikio litazamwe ndani na usikivu upimwe, na majibu uyapate kwa maandishi. Kwa sasa maji yasiingie sikioni, usaha ukaushwe kwa kipande safi cha kitambaa laini kilichosokotwa, kibadilishwe mpaka kitoke kikavu. Usitie mafuta, maji ya vitunguu, wala dawa yoyote ya majani. Hili mweleze mama mkwe kwa upole. Akitaka kumwombea mjukuu wake, hakuna ubaya. Sikio ndilo lisiguswe, na tarehe ya hospitali isisogezwe.

La pili ni kuduwaa. Watoto wengi huduwaa kwa kuchoshwa na somo wasilolielewa, na huenda ni hivyo tu. Lakini kipo kifafa ambacho mtoto haanguki wala hatikisiki: anakatika kwa sekunde chache, macho yametulia au kope zinapepesa, kisha anaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, asijue kilichosemwa hapo kati. Kwa kuwa alishapata degedege, usilipuuze. Mtazame akiwa katikati ya kitu anachokipenda, anacheza au anahesabu chenji. Akikatika hata hapo, na ukimgusa bega harudi mara moja, mpeleke hospitali ukaeleze hivyo hivyo ulivyoona. Akiduwaa wakati wa kusoma tu, na ukimgusa akageuka, hapo tunaelekea kwingine. Na kwa kuwa mko hospitali, macho yapimwe pia, maana mtoto anayenakili nusu ya ubao akiwa safu ya nyuma huenda anaona nusu.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe. Hadithi ya kurasa mbili imenieleza mengi. Mtoto aliyekariri kitabu kizima kwa kusikia ana kumbukumbu nzuri sana, na ameitumia kuficha kile asichoweza. Namna ya kuimba "ba, be, bi, bo, bu" darasani humsaidia mwalimu mwenye umati, ila pia huwaficha watoto kama wako. Mwonyeshe silabi "bo" peke yake. Kama anaanza kimya kimya "ba, be, bi" mpaka aifikie, basi anajua wimbo, silabi hajazijua. Kisha mpe maneno yasiyo na maana, kama "loki", "tabuso", "menika", ambayo hawezi kuwa ameyakariri. Kiswahili kinatusaidia hapa: herufi zake karibu zote hazibadilishi sauti, kwa hiyo mtoto anayejua silabi chache husoma neno lolote linaloundwa nazo hata kama hajawahi kuliona. Asiyeweza, tatizo liko kwenye kuunganisha sauti na herufi.

Wapo watoto wenye akili timamu kabisa ambao kazi hiyo moja ni ngumu kwao kupita kiasi. Wataalamu huiita disleksia. Haitokani na uvivu wala kurogwa. Mara nyingi hutembea katika ukoo. Hapo nakuomba uisome tena sentensi ya mume wako kuhusu Darasa la Tano. Sijui kwa nini aliacha shule, na wewe usimwulize mbele za watu. Lakini inawezekana anayajua mateso ya mtoto huyu kwa karibu kuliko unavyofikiri, na neno "kitengo" linamrudishia maneno aliyowahi kuambiwa yeye.

Kuhusu genge, nataka tuwe waangalifu pande zote mbili. Mtoto anayerudisha 6,600 bila kusita na kutunza madeni kichwani anaonyesha uwezo wa kufikiri ambao haulingani na jina lililoandikwa kwenye fomu. Hata hivyo chenji ni kazi aliyoizoea kwa muda mrefu. Mwangalie pia kwenye jambo jipya: msimulie kisa kifupi ambacho hajawahi kukisikia, umwulize kwa nini mhusika alifanya hivyo na yeye angefanyaje. Mfundishe mchezo mgeni wenye kanuni tatu. Angalia kama anajihudumia, anatumwa dukani na kurudi na ujumbe kamili, anacheza na wa rika lake. Mtaalamu atakuuliza hayo yote, kwa sababu ulemavu wa akili huonekana katika maisha mazima ya mtoto, haujifichi kwenye kusoma tu.

Wakati mnasubiri hospitali na upimaji, kuna kazi ya nyumbani, na haingoji ruhusa ya mtu. Kata kadi kwenye maboksi, kubwa kama kiberiti. Anza na irabu tano. Akizitambua zikiwa zimechanganywa, ongeza m, halafu k, t, l, s, n, herufi moja kwa wakati, kila moja na silabi zake tano. Silabi zisipangwe kwa mfuatano wa wimbo hata siku moja. Tengeneza nazo maneno ya silabi mbili: kiti, meli, sima, kuku. Baadaye ndiyo ya silabi tatu. Herufi b na d msizifundishe wiki moja, wala m na n, maana watoto wa namna hii huzichanganya kwa macho. Maneno kama "mtu" na "mkate", ambayo m imesimama bila irabu, yaache kwanza. Mb, nd, ng', ny, mw na jamaa zake ziwe za mwisho. Dakika 15, siku tano kwa wiki, kabla hajachoka. Kosa ambalo karibu kila mzazi hulifanya ni haraka: mtoto anapata kadi sita kati ya kumi, mzazi anaongeza nyingine kumi, kesho hakuna hata moja iliyobaki. Ongeza pale tu anapopata tisa kati ya kumi kwa siku tatu mfululizo. Na dada yake akiweza kukaa naye bila kumcheka, mara nyingi ndugu hufundisha kwa utulivu kuliko mama aliyechoka.

Weka daftari la kazi hiyo: tarehe, kadi alizopata, alizokosa, alichokichanganya. Baada ya wiki nane daftari litakuambia kitu ambacho mtihani wa siku moja hauwezi. Mtoto anayesogea akifundishwa peke yake huenda alichokikosa ni kusikia na kufundishwa polepole. Asiyesogea, licha ya sikio kutibiwa na kadi kufuatwa, anahitaji mwalimu aliyesomea kazi hii, na hapo kitengo kinaweza kuwa mlango mzuri.

Nakiongelea sasa, maana nahisi umekisikia kwa upande wa aibu tu. Walimu wengi wa vitengo wamesomea elimu maalumu, baadhi yao katika Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Watoto huwa wachache, mwalimu humjua kila mmoja kwa jina, na kucheka mwenzako hakuna nafasi kubwa. Kwa mtoto anayejificha nyuma ya vibanda, hilo si dogo. Hatari zake nazo ni za kweli. Kitengo cha wenye ulemavu wa akili hufuata mtaala wake, wenye uzito kwenye kujihudumia, mawasiliano na stadi za kazi, na si wanafunzi wake wote wanaofanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mwalimu mmoja anaweza kuwa na watoto wa umri na mahitaji yanayopishana sana. Na kurudi darasa la kawaida ni kugumu kuliko kutoka, kwa sababu mara chache kuna mtu aliyepangiwa kazi ya kuuliza, baada ya mwaka, kama mtoto bado anapaswa kuwa pale.

Nenda ukakitembelee kabla ya uamuzi wowote, siku ya masomo, bila mtoto. Uliza walimu ni wangapi na watoto wangapi. Uliza kama mtoto anaweza kujifunza kusoma na kuandika kitengoni, na Hisabati darasa la kawaida la shule hiyohiyo. Uliza ni wangapi waliowahi kurudi madarasa ya kawaida, na nani aliamua. Kaa dirishani usikilize mwalimu anavyoongea na watoto. Kisha hesabu nauli ya daladala mbili kwenda na kurudi kwa muhula mzima, pamoja na nani atamsindikiza, maana uhamisho mwingi hufa hapo, mtoto akabaki nyumbani huku jina lake limeshafutwa shule ya kwanza.

Kwa mwalimu mkuu sikushauri uende na ugomvi, wala usikae kimya mpaka fomu isahaulike. Andika barua ya ukurasa mmoja. Sema umepokea fomu, hujaikataa, na unaomba mtoto apimwe kikamilifu kabla ya uhamisho: masikio, macho, na uwezo wa kujifunza. Omba pia, kwa kipindi hiki, akae safu ya mbele, sikio la kulia likimwelekea mwalimu, asisomeshwe mbele ya wenzake, na maswali mengine aulizwe kwa mdomo. Kwa urefu wake anaweza kukaa mbele pembeni bila kumziba mtu. Andika nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, ubaki nayo. Akisema upimaji si kazi ya shule, ni kweli kwa sehemu: mwombe akupe barua ya kwenda kwa Afisa Elimu Kata, na kutoka hapo kwa Afisa Elimu Maalumu katika ofisi ya elimu msingi ya manispaa. Huyo ndiye hukutanisha watu wa elimu, afya na ustawi wa jamii kumtazama mtoto.

Siku ya upimaji beba kadi ya kliniki, karatasi za hospitali, madaftari ya shule ya mwaka huu na jana, na lile daftari la kadi. Mtoto awe amekula. Mwambie mpimaji kwamba ameshachapwa kwa kutosoma, kwa hiyo akikaa kimya asidhani hajui. Mtoto mwenye hofu akipimwa kwa dakika 10 na mtu mgeni, katika chumba chenye kelele, na sikio linavuja, majibu yake hayana thamani. Ombeni ripoti iliyoandikwa anachoweza, asichoweza, shule ifanye nini, na lini atapimwa tena. Ripoti yenye jina la ulemavu tu, bila hayo manne, haijakusaidia.

Sheria ziko upande wa kukusikiliza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu, na apewe msaada anaohitaji. Kwa hiyo hata upimaji ukithibitisha ulemavu, kubaki alipo akiwa na msaada ni jambo la kujadiliwa, hata kama mwisho wake mtaona kitengo kinamfaa zaidi. Kuhusu fimbo, kanuni za mwaka 2002 zinasema ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, zitolewe na mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, zisizidi nne, na ziandikwe kitabuni. Kutojua kusoma hakumo. Unaweza kulisema hilo kwa sauti ya chini na likasikika. Mtoto anayeogopa kiboko hatumii akili yake kusoma, anaitumia kutafuta pa kujificha.

Hofu ya Darasa la Nne naielewa, na shule nayo ina hofu yake ya wastani wa matokeo, ingawa si kila mwalimu mkuu anasukumwa na hilo. Ulizia mapema utaratibu wa kumsajili kama mwenye mahitaji maalumu, endapo upimaji utaonyesha hivyo. Baraza la Mitihani huongeza muda kwa watahiniwa hao, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na wenye uoni hafifu hupata karatasi ya maandishi makubwa. Shule ndiyo hupeleka taarifa hizo, na ikichelewa mtoto hukosa. Muda wa ziada hautamsomea karatasi, hilo tusijidanganye. Wakishauri arudie darasa, uliza kitu kimoja: mwakani atafundishwa tofauti vipi? Kama jibu hakuna, atapata mwaka mwingine wa kuchekwa, tena na wadogo zaidi.

Wazo la wifi yako limejaa upendo, na darasa dogo ni faida. Ila fikiri: mtoto ambaye bado hajashika herufi za Kiswahili, zenye sauti moja moja, atakutana na Kiingereza ambacho herufi a peke yake ina sauti kadhaa. Na bweni, mtoto wa miaka 10 mwenye sikio linalovuja na hofu moyoni, nani atakayemwita mara mbili? Kama mnalitaka bado, iulizeni shule hiyo ina mwalimu gani wa elimu maalumu na huwafanyaje watoto wasiofikia alama zao. Baadhi ya shule huwarudisha nyumbani karibu na mitihani. Pengine nusu ile ya ada ingetosha kumlipa mwalimu wa elimu maalumu hapo Morogoro, saa chache kwa wiki. Muulize wifi kama atakubali msaada wake uende huko.

Kwa baba yake, nakuomba usiende kwa siri. Sisemi hivyo kwa kuwa huna haki ya kuamua. Wewe ni mzazi kamili. Nasema kwa kuwa akigundua, anaweza kwenda kumtoa mtoto kwa hasira, na mtoto atabaki bila shule zote mbili. Sikio halihitaji mjadala, hiyo ni tiba. Anzeni na hilo, na umwombe yeye ndiye ampeleke. Baba akiambiwa na daktari kwamba mwanawe hasikii vizuri upande mmoja, huyo si mtoto "mwendawazimu" tena, ni mtoto mwenye jambo la kushughulikiwa. Usianze na neno kitengo. Anza na lile mnalokubaliana nyote wawili, kwamba mtoto ana akili. Gereji nayo usiidharau, ni kazi ya heshima na huenda siku moja ikamfaa, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa mtoto, na fundi naye husoma vipimo, namba za vipuri na maandishi kwenye makopo.

Kuna mtu mmoja ambaye katika barua yako hajaulizwa, naye ana miaka 10. Usimwulize kwa nini husomi, ameshaulizwa hilo akiwa amesimama mbele ya darasa. Mkiwa gengeni, mikono ina kazi, mwulize ukisoma herufi zinakuwaje? Mwalimu akiongea unasikia yote au nusu? Ni saa ngapi shuleni ambapo hauogopi? Mwache amalize, hata akinyamaza katikati, na majibu yake uyaandike kwenye daftari lile la kadi, kwa maneno yake mwenyewe. Mpimaji akiyasoma atajua pa kuanzia. Na majibu ya sikio yakitoka, niandikie tena.